Kura ya karatasi ya buluu: Mgombea wa mkoa, hospitali na wazee wetu Stockholm

STOCKHOLM – Kila baada ya miaka minne, Jumapili ya pili ya mwezi wa Septemba, mpiga kura nchini Sweden hupiga kura tatu kwa siku moja, na kila kura ina rangi ya karatasi yake. Karatasi ya njano ni ya Bunge, yaani Riksdag. Nyeupe ni ya manispaa. Buluu ni ya mkoa. Ukikaa na Waswahili wa hapa Stockholm wakati wa kampeni, iwe harusini Fittja au kwenye futari Tensta, utasikia mjadala wa karatasi ya njano: nani atakuwa Waziri Mkuu, sheria za uhamiaji zitakaza vipi, uraia utapatikana baada ya miaka mingapi. Karatasi ya buluu haina msemaji.

Lakini tazama inabeba nini. Hospitali ya Karolinska ni ya buluu. Zahanati ya mtaani, ambayo sote tumezoea kuiita vårdcentral, ni ya buluu, hata pale inapoendeshwa na kampuni. Ambulensi, wodi ya wazazi, daktari wa meno wa watoto, mkalimani anayekaa kati yako na daktari, hata basi na treni ya SL inayokupeleka huko, vyote viko chini ya Mkoa wa Stockholm. Chombo hiki kilijulikana kwa jina la landsting hadi mwisho wa 2018, na tangu Januari 1, 2019 kinaitwa Region Stockholm. Kina manispaa 26 na wakazi zaidi ya milioni 2.4. Baraza lake lina wajumbe 149, na sehemu kubwa mno ya bajeti yake huenda kwenye afya.

Makala haya, ndugu msomaji, ni juu ya hiyo karatasi. Lengo si kukuambia umpe nani kura yako. Lengo ni kukusaidia kumsikiliza mgombea wa mkoa anapozungumzia afya na huduma za jamii, na kujua lipi liko ndani ya uwezo wake na lipi anakupaka mafuta tu kwa mgongo wa chupa.

Mgeni asiye na uraia anayo kura

Kwanza tuondoe dhana moja iliyoenea. Wengi wanaamini kwamba bila pasipoti ya Sweden huna kura. Kwa Bunge ni kweli. Kwa mkoa na manispaa si kweli. Tangu uchaguzi wa 1976, mgeni aliyeandikishwa kuwa mkazi wa Sweden kwa miaka 3 mfululizo na kutimiza miaka 18 anaweza kupiga kura hizo mbili, na anaweza pia kugombea. Raia wa nchi za Umoja wa Ulaya, Norway na Iceland hawasubiri hata hiyo miaka 3.

Kwa Mwafrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Tanzania haijawahi kumruhusu raia wake aliye ughaibuni kupiga kura akiwa huko huko, na sheria yake ya uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Matokeo yake ni kwamba Watanzania wengi hapa wameshikilia pasipoti yao ya nyumbani. Kenya iliwafungulia mlango raia wake wa nje, lakini katika uchaguzi wa Agosti 2022 vituo vilikuwa katika nchi 12 tu, kwa kura ya rais peke yake, na Sweden haikuwamo. Kwa hiyo yupo ndugu yetu wa Rinkeby au Flemingsberg ambaye hana kura Dodoma, hana kura Nairobi, wala hana kura ya Riksdag. Kura mbili tu ndizo zake hapa duniani, ya buluu na nyeupe.

Na wengi hawazitumii. Mwaka 1976, wageni walipopewa haki hiyo kwa mara ya kwanza, takriban asilimia 60 yao walijitokeza. Miongo iliyofuata idadi iliporomoka hadi kufikia kiasi cha theluthi moja. Mgombea ni mtu wa hesabu. Mtaa usiopiga kura haumnyimi usingizi.

Mgombea mmoja na hoja zake

Tuchukue mfano wa karibu ambao wengi wanaukumbuka. Katika uchaguzi wa Septemba 11, 2022, aliyeongoza orodha ya Socialdemokraterna katika Mkoa wa Stockholm alikuwa Aida Hadžialić. Alizaliwa mwaka 1987 huko Foča, Bosnia, akaletwa Sweden akiwa mtoto wa miaka 5 kwa sababu ya vita, akakulia Halmstad. Mwaka 2014 aliteuliwa kuwa waziri akiwa na miaka 27. Mwaka 2016 alijiuzulu baada ya polisi kumkuta akiendesha gari akiwa na pombe mwilini kupita kiwango. Baadaye alirudi kwenye siasa kupitia mlango wa mkoa.

Mpinzani wake mkuu, Irene Svenonius wa Moderaterna, alikuwa ameuongoza mkoa tangu 2016, na upande wake wa kisiasa ulikuwa madarakani tangu 2006, yaani miaka 16. Ndani ya miaka hiyo ndipo ilipoanzishwa Vårdval Stockholm, Januari 2008. Huu ndio mfumo unaomwachia mgonjwa achague zahanati, na kuziachia kampuni binafsi zifungue zahanati popote zikikidhi masharti ya mkoa. Fedha humfuata mgonjwa. Mwaka 2010 sheria ya nchi iliulazimisha kila mkoa kuwa na mfumo wa namna hiyo kwa huduma za msingi.

Hoja ya Moderaterna ni kwamba mgonjwa mwenye uhuru wa kuchagua ana nguvu, na ushindani huongeza zahanati na kufupisha foleni. Hoja ya Hadžialić na chama chake ilikuwa kwamba soko limepewa usukani, kwamba fedha ya umma inapaswa kwenda kwanza kwa mgonjwa mwenye shida kubwa, kwamba hospitali za dharura ziimarishwe, na kwamba wauguzi na wakunga wanaacha kazi kwa sababu mazingira hayavumiliki.

Silaha kubwa ya wakosoaji wa utawala ule wa zamani ilikuwa Hospitali mpya ya Karolinska huko Solna. Mkataba wake na kampuni ya wabia, iliyowakutanisha wajenzi wa Skanska na mfuko wa uwekezaji wa Innisfree, ulitiwa saini mwaka 2010 na unakwenda hadi 2040. Wagonjwa wa kwanza waliingia 2016. Gharama yote, pamoja na matengenezo na riba hadi mwisho wa mkataba, imekadiriwa kupita kronor bilioni 60.

Kura zilipohesabiwa, utawala ulibadilika. Hadžialić akawa finansregionråd, yaani kiongozi mkuu wa kisiasa wa mkoa, kwa kushirikiana na vyama vingine. Na hapo ndipo mgombea anapokutana na daftari la hesabu. Mfumuko wa bei na gharama za pensheni viliikaba mikoa yote ya Sweden mwaka 2023. Stockholm ilipunguza wauguzi wa kukodi kutoka makampuni, na mwaka 2024 ikapandisha kodi ya mkoa kwa öre 30, kutoka kronor 12.08 hadi 12.38 kwa kila kronor 100 za mapato yanayotozwa kodi. Waliounga mkono walisema bila hivyo hospitali zingekatwa zaidi. Wapinzani walisema mwananchi ameongezewa mzigo wakati ambao hata bei ya siagi ilikuwa imempita.

Msomaji anaweza kuegemea upande wowote. Jambo la kushika ni kwamba maneno haya hayakuwa ya hewani. Karatasi ya buluu ndiyo iliyoamua nani atayatekeleza, na kila anayekatwa kodi katika mkoa huu aliyaona kwenye mshahara wake.

Mkoa na manispaa si kitu kimoja

Wakenya watalielewa hili haraka. Tangu 2013, chini ya Katiba ya 2010, kaunti 47 zimekabidhiwa hospitali na zahanati, huku hospitali kubwa za rufaa kama Kenyatta zikibaki kwa serikali ya kitaifa. Kila daktari anapogoma, gavana humwelekezea kidole waziri na waziri humwelekezea gavana. Sweden nayo ina mchezo wake wa vidole, lakini unachezwa kati ya mkoa na manispaa, na hakuna kati yao aliye bosi wa mwenzake.

Mpaka ulichorwa upya Januari 1, 1992 kwa mageuzi yaliyoitwa Ädelreformen. Matunzo ya wazee yaliondolewa mikononi mwa mikoa yakapelekwa kwa manispaa. Chukua mfano wa mama wa miaka 80 anayeishi Husby, akateleza bafuni na kuvunjika nyonga. Ambulensi inayokuja ni ya mkoa. Upasuaji na wodi ni vya mkoa. Siku daktari anaposema sasa anaweza kuondoka, swali la nani atamwogesha, nani atamletea chakula na nani atampigia simu usiku ni la manispaa, kupitia hemtjänst, yaani huduma ya nyumbani. Afisa wa manispaa ndiye anayekuja kupima mahitaji na kuamua saa ngapi za msaada. Muuguzi wa kumbadilishia kidonda nyumbani hapa Stockholm ni wa mkoa, isipokuwa katika manispaa ya Norrtälje yenye utaratibu wake, wakati karibu kwingine kote Sweden ni wa manispaa. Na kama mama huyo atahamia makao ya wazee, muuguzi wa makao atakuwa wa manispaa, ila daktari atabaki wa mkoa.

Sheria ya 2018 kuhusu wagonjwa wanaotoka hospitali inasema manispaa isipokuwa tayari kumpokea mtu aliyekwisha ruhusiwa, baada ya siku chache italazimika kuulipa mkoa kwa kitanda anachokalia. Kwa hiyo mama yetu, bila kujua, amelala katikati ya ankara. Ndiyo maana mgombea wa mkoa akikuahidi saa zaidi za hemtjänst, mwambie kwa adabu kwamba hiyo ni karatasi nyeupe. Na mgombea wa manispaa akikuahidi daktari wa kudumu kwa mzazi wako, muulize ataupata wapi uwezo huo.

Machi 2020

Kuna wakati mpaka huo uligharimu maisha ya watu, na jamii ya Afrika Mashariki ilikuwa mstari wa mbele. Katika wiki ya nne ya Machi 2020, chama cha madaktari wa Sweden wenye asili ya Somalia kilitangaza kwamba kati ya watu 15 wa mwanzo waliokufa kwa virusi vya korona Stockholm, 6 walikuwa Wasomali. Jamii ndogo, misiba mingi. Aprili takwimu za mkoa zikaonesha Rinkeby-Kista na Spånga-Tensta zikiongoza kwa maambukizi ukilinganisha na idadi ya wakazi.

Sababu zilizotajwa kila mtu wa mitaa ile alizijua. Nyumba zimejaa, babu na mjukuu wanalala ukuta mmoja. Kazi ni za teksi, basi, usafi na huduma ya wazee, ambazo haziwezi kufanywa kwa kompyuta ukiwa sebuleni. Na habari za tahadhari kwa lugha za watu zilichelewa, zikatangulia zile za Kiswidi peke yake.

Upande wa makao ya wazee hali ilikuwa mbaya vilevile, kwa Waswidi wenyewe na kwa wageni. Novemba 2020 mamlaka ya ukaguzi wa afya na huduma za jamii, IVO, ilikosoa mikoa yote 21 kwa sababu wazee waliougua makaoni hawakupata huduma ya matibabu ya kutosha, na wapo ambao hawakupimwa na daktari mmoja mmoja kama walivyostahili. Desemba 15, 2020 tume iliyoundwa na serikali ikatoa ripoti yake ya kwanza: mkakati wa kuwalinda wazee ulishindwa, na sehemu kubwa ya sababu ilikuwa udhaifu wa kimuundo uliojulikana kwa miaka mingi. Miongoni mwa waliyoyataja ni huo mgawanyo wa mkoa na manispaa, ambapo sheria haikuiruhusu manispaa kuajiri daktari wake, na makao mengi kutegemea vibarua wanaolipwa kwa saa.

Kwa hiyo anayesema kwamba siasa za mkoa ni siasa za takataka na mabasi, akumbushwe mwezi ule.

Maswali manne kwa mgombea

Mgombea akija mtaani, msikitini, kanisani au kwenye ukumbi wa chama cha Watanzania au Wakenya, yapo maswali manne yanayoweza kumtoa kwenye maneno matamu na kumleta kwenye kazi anayoiomba.

Swali la kwanza ni la zahanati. Muulize: fedha mtazigawa kwa wingi wa ziara au kwa uzito wa ugonjwa? Mfumo wa 2008 hapa Stockholm ulilipa sana kwa idadi ya wagonjwa wanaoonwa. Zahanati yenye wagonjwa wa mafua, wanaojieleza vizuri na kutoka baada ya dakika 10, ilifaidi kuliko yenye mzee wa kisukari, shinikizo la damu na mkalimani. Mwaka 2014 ofisi ya ukaguzi wa hesabu za taifa, Riksrevisionen, ilieleza kuwa mageuzi ya uchaguzi huru yamefanya iwe vigumu zaidi kufuata kanuni ya kumtanguliza mwenye shida kubwa. Mgombea wa upande wowote anayeomba kura Tensta anapaswa kuwa na jibu la hili. Uhuru wa kuchagua zahanati una maana pale zahanati zilipo.

Swali la pili ni la foleni. Sheria ya Sweden ina dhamana ya huduma, vårdgaranti, yenye namba ambazo kila nyumba ingepaswa kuzibandika kwenye jokofu: 0, 3, 90, 90. Siku hiyo hiyo upate mawasiliano na huduma ya msingi. Ndani ya siku 3 uwe umetathminiwa. Ndani ya siku 90 uonwe na bingwa. Ndani ya siku 90 nyingine upate matibabu yaliyoamuliwa. Muda ukipita, mkoa unatakiwa kukusaidia upate huduma kwingine bila wewe kulipa zaidi. Wengi wetu hatuipigi simu ofisi ya dhamana hiyo kwa sababu tumezoea kuambiwa subiri, nasi tukasubiri. Muulize mgombea atafanya nini ili namba hizo zitimie kwa asiyejua Kiswidi kizuri.

Swali la tatu ni la faida. Hospitali ya St Göran, Kungsholmen, ni mali ya umma iliyokabidhiwa kampuni ya Capio kuiendesha tangu mwisho wa miaka ya 1990. Mwaka 2018 Capio yenyewe ilinunuliwa na kampuni ya Ufaransa. Hospitali hiyo ina wapenzi wengi, na watetezi wa sekta binafsi huitaja kama ushahidi wao. Wapinzani nao hutaja mwaka 2011, gazeti la Dagens Nyheter lilipoandika mfululizo wa habari juu ya Koppargården, makao ya wazee ya Vällingby yaliyokuwa yakiendeshwa na kampuni ya Carema, na taifa zima likaanza kubishana kama kodi igeuzwe gawio la wenye hisa. Angalia tena rangi: St Göran ni buluu, Koppargården ilikuwa nyeupe. Mgombea anayesema faida ni nzuri au mbaya, atakuwa amesema nusu tu. Nusu ya pili ni nani anakagua, na mkataba unavunjwa lini.

Swali la nne ni la mkalimani. Sheria ya utawala ya nchi inazitaka ofisi za umma kutumia mkalimani pale inapohitajika. Lakini anayelipa kwa upande wa hospitali ni mkoa, na mkoa una nafasi ya kubana au kulegeza. Region Blekinge, kusini mwa nchi, iliamua kuwatoza ada ya mkalimani watu waliopata kibali cha ukaazi zaidi ya miaka 2 kabla. Makubaliano ya vyama vilivyounda serikali Oktoba 2022 nayo yalitaka ukalimani wa bure upunguzwe. Usiishie kumuuliza mgombea anawapenda wahamiaji kiasi gani. Muulize atapiga kura gani siku pendekezo kama la Blekinge likiletwa mezani Stockholm. Mtoto wa miaka 11 hapaswi kuwa ndiye anayemtafsiria mama yake neno saratani.

Sisi ndio tunaohudumia

Jambo moja husahaulika katika mijadala hii. Waafrika Mashariki wa Stockholm si wagonjwa tu. Ni wauguzi wasaidizi, ni wahudumu wa hemtjänst wanaozunguka kwa baiskeli kwenye theluji, ni vibarua wanaosubiri ujumbe wa simu alfajiri kujua kama leo kuna zamu. Tangu Julai 1, 2023 cheo cha undersköterska, yaani muuguzi msaidizi, kinalindwa na sheria na kinahitaji cheti kutoka Socialstyrelsen. Mwenye kazi hiyo asiyejua hili anaweza kupoteza cheo ambacho amekitolea jasho.

Wafanyakazi hawa wana sauti, na historia inaonesha. Mwaka 1997 muuguzi msaidizi mmoja, Sarah Wägnert, alitoboa hadharani jinsi wazee walivyokuwa wakitunzwa vibaya katika makao ya Polhemsgården, Solna, hatua chache kutoka Stockholm mjini. Hakuwa mbunge wala daktari. Kutokana naye ikatungwa sheria inayojulikana kwa jina la Lex Sarah, iliyoanza kazi 1999, inayomlazimu mfanyakazi wa huduma za jamii kutoa taarifa anapoona mzee anadhulumiwa. Kwa hiyo dada yetu anayeingia zamu ya usiku akakuta mzee hajabadilishwa tangu asubuhi, sheria iko upande wake, na jina la sheria hiyo ni la mtu wa kazi yake.

Juni 2024 wauguzi wa chama cha Vårdförbundet waligoma katika mikoa kadhaa ikiwemo Stockholm, wakidai hasa saa fupi za kazi. Waliokuwa upande wa pili wa meza walikuwa waajiri wa mikoa na manispaa, ambao wakuu wao huchaguliwa kwa karatasi ya buluu na nyeupe. Ukipiga kura hizo unamchagua mtoa huduma, na mara nyingi unamchagua pia mwajiri wako.

Mswidi wa Bukoba

Wapo wanaosema kimoyomoyo kwamba mgeni hapaswi kujitia katika siasa za nchi ya watu. Hao wakumbushwe Barbro Johansson. Alikuwa mwalimu Mswidi aliyefika Bukoba miaka ya 1940 kwa kazi ya misheni. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika kwa kuungwa mkono na TANU, na baada ya uhuru akawa mbunge, akiwa sauti ya elimu ya wasichana. Hadi leo kuna sekondari ya wasichana yenye jina lake huko Luguruni, Dar es Salaam. Hakuna aliyeona ajabu kwamba Mswidi alisemea shule za Wahaya. Basi na Mhaya wa Botkyrka asione haya kusemea hospitali ya Huddinge.

Taratibu si ngumu. Kadi ya kupigia kura, röstkort, hutumwa yenyewe nyumbani kwa kila aliye kwenye daftari, bila kujiandikisha. Asiye raia hupata kadi ya mkoa na manispaa. Kura ya mapema huanza siku 18 kabla, kwenye maktaba na vituo vingine, kwa hiyo mwenye zamu ya Jumapili hana kisingizio. Unaweza pia kumtia alama mgombea mmoja ndani ya orodha ya chama. Akipata asilimia 5 ya kura za chama chake katika jimbo lake, na zisipungue 100, anaweza kuruka waliowekwa juu yake kwenye orodha. Na chama kinahitaji asilimia 3 tu ya kura kuingia Baraza la Mkoa, tofauti na asilimia 4 za Bunge. Katika majimbo yetu, kura mia moja ni watu wa harusi moja.

Baada ya ule wa 2022, uchaguzi uliofuatia kwenye kalenda umewekwa Septemba 13, 2026, na mwingine baada ya miaka minne, na mwingine tena. Wagombea watakuja na kuondoka, vyama vitapishana madarakani. Mama wa Husby atabaki na nyonga yake, na mwana wa Fittja atabaki na zamu yake ya usiku. Wazee walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mgombea aliyeshiba afya hawezi kuijua foleni yetu mpaka tumwambie, na mahali pa kumwambia akasikia ni pale kwenye kibanda cha kura, ukiwa na karatasi ya buluu mkononi.